Upande Mweusi wa Picha

Kama umewahi kulazwa katika hospitali yetu hapa Garissa, huenda ulinichukia. Mimi ndiye yule mwanamke anayepita wodini akichomoa chaja za simu. Sina ugomvi na simu ya mtu. Ila mashine ninayoitumikia ina masikio mepesi kupita kiasi, na chaja moja ya mtaani iliyochomekwa karibu nayo yatosha kunichafulia picha ya ubongo kwa mistari. Kwa hiyo nachomoa. Wenye chaja hunitolea macho, nami nawatolea yangu, na kazi inaendelea.

Mimi ni mpiga picha wa hospitali. Nilianza na eksirei, nikaja huku kutoka bara nikiwa bado msichana, kwa uhamisho ambao mama yangu aliulilia kuliko mimi. Watu wa kwetu waliniaga kana kwamba naenda vitani. Nilichokuta ni joto la kukausha nguo ukiwa bado umeivaa, chai ya maziwa ya ngamia, na watu ambao wakivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi husema wanakwenda Kenya. Mara ya kwanza kusikia hivyo nilikasirika, nikataka kumfundisha mtu jiografia. Siku hizi nasema vivyo hivyo mwenyewe, na ndugu zangu hawana mbavu kwa kunicheka.

Kwa miaka mingi, mambo ya ubongo yalipokuja, kazi yangu ilikuwa kuonyesha watu njia tu. Eksirei inaona mfupa, haioni kilichomo ndani ya mfupa. Iko mashine nyingine ya mionzi inayokipiga kichwa picha kipande kwa kipande, nayo inasaidia, lakini mtoto mchanga humpitishii mionzi kila unapojisikia. Daktari akitaka kuuona ubongo wa mtoto vizuri, tulikuwa na jibu moja: MRI, mashine ya sumaku isiyotumia mionzi, na MRI iko Nairobi. Sasa mwambie hivyo mama aliyetoka Bute, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mtu amesafiri mpaka kiuno kimekufa ganzi, anadhani amefika, halafu wewe uliyevaa koti jeupe unamwambia hapa si mwisho, hapa ni katikati. Wengi walikunja mikeka yao wakarudi walikotoka. Nilikuwa nawaona kupitia dirisha, na siku kama hizo hakuna aliyethubutu kunisemesha nyumbani kwangu.

Hiyo MRI kubwa naijua, niliisomea. Inakaa chumbani kwake peke yake kama bibi harusi, kuta zimezungushiwa shaba, inapozwa kwa gesi isiyopatikana dukani, inakunywa umeme bila huruma, na sumaku yake inaweza kuunyakua mtungi wa oksijeni kutoka mlangoni. Nani angeileta huku, ambako umeme ukikaa siku nzima bila kukatika tunaulizana kulikoni?

Basi walipoleta hii ndogo nilidhani ni mzaha. Ina magurudumu. Unaisukuma mpaka kitandani, unaichomeka kwenye soketi ile ile ya birika, na mgonjwa anaingiza kichwa tu, mwili wote uko nje. Sumaku yake ni dhaifu sana ukiilinganisha na ile ya Nairobi, na udhaifu huo huo ndio umeiwezesha kutoka chumbani ikatembea. Haidai gesi wala kuta za shaba. Walinzi walipoiona inapita barazani wakaiita ngamia, kwa sababu haina haraka na haiombi mengi.

Picha zake za mwanzo, tulipoonyeshwa mafunzoni, nilizicheka. Nilimwuliza mkufunzi kama ile ni picha ya ubongo au ya uji. Kumbe wanaoitengeneza hawalali. Programu ya kompyuta iliyomo ndani inafundishwa kutenganisha kelele na ubongo, na kila wakiiboresha ukungu unapungua. Sitakudanganya, haijaifikia ile kubwa, na kidonda kidogo kinaweza kuipita bila kuonekana. Lakini ukiiuliza swali pana, kwamba maji yamejaa kichwani au hayakujaa, na ubongo umesukumwa wapi, inakujibu. Na jibu linamfikia bingwa aliyeko Nairobi kwa mtandao kabla chai haijapoa. Nikaacha kucheka.

Katika kiangazi kile kirefu wanachokiita jilaal, waliingia watu wanne kutoka upande wa Habaswein. Mtoto wa kike wa miezi michache, kichwa kimekua kuupita mwili, ngozi ya paji imevutika hadi inang'aa na mishipa yote inaonekana. Mama yake, mdogo hivi kwamba nilimdhania dada. Bibi yake, mama wa huyo mama. Na baba yake mkubwa, kaka wa baba, mwalimu wa madrasa. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa na ngamia wake huko mbele ya Tarbaj, mahali ambapo simu haishiki mpaka upande kichuguu. Nitawaita vile tulivyowaita wodini: hooyo, yaani mama, ayeeyo, yaani bibi, na adeer, baba mkubwa. Wa kunitafsiria alikuwa muuguzi wetu wa wodi ya watoto, binti wa hapa hapa mjini mwenye ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana tunaelewana.

Njiani, katika kituo kimoja cha afya, mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba kichwa kile ni maji matupu. Ndani hamna kitu. Sijui ni nani, na ni afadhali nisijue, maana ningemwendea. Neno hilo hooyo alikuwa amelibeba pamoja na mtoto. Nilipotokea na mashine yangu akamkumbatia binti yake na kugeukia ukuta. Muuguzi akainama, akaongea naye kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Hataki picha," akaniambia. "Anasema picha ikisema hamna kitu, watamrudisha nyumbani akamtazame mtoto akifa. Bila picha, bado ana mtoto."

Nimegombana na watu wengi wanaotaka picha wasizozihitaji. Sikuwahi kukutana na mtu anayeiogopa picha kwa sababu ya maana kama ile, na nilimhurumia mpaka nikaona vibaya kusimama pale.

Adeer hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amechoka, nguo zimejaa vumbi la njia, na ukoo mzima ulikuwa unamsubiri kwenye simu yake. "Daktari," akaniambia, maana huku kila mwenye koti ni daktari, "sisi nataka kujua tu. Kama ubongo iko, watu yetu itajikusanya, mtoto ataenda Nairobi apasuliwe. Kama haiko, kwa nini tumkate bure? Arudi alale kwa watu wake. Bicha iseme."

Kwa hiyo mtoto yule alikuwa anapelekwa mahakamani, na hakimu alikuwa mashine yangu. Sikupenda hata kidogo. Mashine kazi yake ni kumwonyesha daktari apasue wapi, na hapa ilikuwa inaulizwa kama mtoto anastahili kuhangaikiwa. Lakini ningewakatalia swali lao kwa haki gani? Mwishowe hooyo alikubali shingo upande, baada ya mama yake kumnong'oneza jambo sikioni.

Nikaanza zogo langu. Chaja zote nje, feni izimwe, simu na redio ya mlinzi vipelekwe mbali. Kisha chuma. Sumaku ni dhaifu, lakini chuma ni chuma. Kupitia kwa muuguzi nikamwambia kila mtu atoe alichonacho. Adeer akatoa saa, funguo na mkanda. Hooyo akavua bangili, hereni na pini za hijabu. Ayeeyo akavua pete, akapindua mifuko, akanionyesha viganja vyote viwili kama mtu anayekaguliwa uwanja wa ndege. Mtoto nilimpapasa mwenyewe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Hamna kitu.

Kitu ambacho ayeeyo hakukipenda ni lile bakuli la plastiki tunalolazia kichwa. Aliligonga kwa kidole, akasema neno, muuguzi akacheka. "Anasema hata mtoto wa mbuzi hamlazi hapo." Ayeeyo akatoa kitambaa laini kutoka kwenye mzigo wao, kikiwa kimekunjwa tayari, akakitandika chini ya shingo ya mtoto. Nilikigusa juu juu, nikaona ni kitambaa, nikasema haya.

Mashine ikaanza kugonga, taratibu, bila zile kelele za kutisha za ile kubwa. Picha zake huja moja moja kwenye kioo cha tableti. Tulikuwa tumesimama wote pale, kwa sababu mashine hii haina mlango wa kuwafungia jamaa nje. Kila siku nilikuwa naisifia kwa hilo. Siku ile nilitamani mlango.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mweusi. Maji tunayajua yanavyoonekana, na haya hayakuwa maji. Ulikuwa weusi mtupu, kama mtu amemwaga wino kuanzia kisogoni hadi karibu na paji. Adeer aliona kabla sijageuza kioo. Akamtaja Mungu, akafuta uso kwa kiganja, akatoka kwenda kuchukua simu yake.

Nami nikatoka kuichukua yangu. Nikampigia daktari wa upasuaji wa ubongo kule Nairobi, ambaye picha zilikuwa zimeshamfikia. Huyu ni mtu wa maneno machache. Mimi huongea kwa niaba yetu sote wawili.

"Upande huu sioni kitu," akasema. "Lakini siipendi hii picha."

"Hata mimi siipendi. Umeona mfupa ulivyopinda?"

"Nimeuona. Rudia."

Ukingo wa fuvu, pale weusi ulipoanzia, ulikuwa umevutika kwenda nje, kama kanzu iliyonaswa na msumari. Fuvu la mtoto halikai hivyo, hata akiwa mgonjwa namna gani. Kitu kilikuwa kinaivuruga sumaku. Moyo ulianza kunidunda kwa hasira na kwa tumaini, vyote kwa pamoja.

Nilipoingia nikakuta adeer amerudi na uamuzi. Ukoo umesikia, gari la kwenda Habaswein linaondoka alasiri, wajifungashe. Hooyo hakulia. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, moja moja, kwa utulivu ulionitia hofu kuliko kilio.

Nikasimama mlangoni. "Adeer, hiyo picha mimi sijaikubali."

"Daktari, sisi yote tumeona."

"Mmekiona chungu kikiwa bado jikoni. Mpishi ni mimi, na mimi nasema hakijaiva. Nenda ukaswali. Ukirudi nitakupa picha ambayo hata mimi naiamini. Ikiwa bado nyeusi, nitawasindikiza garini kwa miguu yangu."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza, na nadhani hakuzoea kuamriwa kwenda msikitini na mwanamke wa bara. "Haye," akasema, yaani sawa, akavaa viatu akaenda.

Nikamgeukia muuguzi. "Hapa kuna chuma, na hatoki mtu mpaka kipatikane." Tukamvua mtoto nguo zote. Nikajipapasa hata mimi mwenyewe. Nikachungulia chini ya mashine, huenda kuna kibanio kimeanguka. Nilipokinyooshea mkono kile kitambaa kilichokunjwa, mkono wa ayeeyo ulikuwa umeshafika. Alikichukua akakibana kifuani, akatazama pembeni. Hooyo alimwangalia mama yake, kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini sana. Sikuhitaji tafsiri. Kila binti amewahi kumsemesha mama yake kwa sauti ile.

Ayeeyo akakikunjua kitambaa polepole. Ndani ya mkunjo wa mwisho kulikuwa na sindano nene, ile ya kushonea magunia.

Yaliyobaki nilielezwa na muuguzi, naye kwa haya kidogo, kwa kuwa hata nyumbani kwao ilifanywa. Mtoto mchanga haachwi bila chuma karibu na kichwa chake. Kisu kidogo, msumari, sindano, chochote, ili majini yasimsogelee. Kwa kawaida kinaondolewa arobaini ikiisha. Lakini huyu alipoanza kuumwa, ayeeyo aliona kwamba arobaini yake haijaisha, na tangu hapo kila mtoto alipolala, sindano ililala naye. Mbona basi hakuitoa nilipoomba chuma? Kwanza, mimi niliomba watu watoe vitu vyao. Ile haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mtoto, na aitoe saa ile ile kichwa chake kinapoingizwa ndani ya dude asilolijua? Pili, adeer alikuwa amesimama pale. Adeer huwafundisha watu kwamba mambo hayo hayamo katika dini, na alishamkataza waziwazi. Mwanamke mzima, mama mkwe wa mdogo wake, achomoe sindano ile mbele ya macho yake?

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vipande vyake. Ninavyo vya kutosha. Lakini nikaukumbuka uzi mweusi ambao mama yangu, mzee wa kanisa, mtu wa mstari wa mbele, aliwafunga wanangu mkononi kila mchungaji alipogeuka. Nikajikuta nacheka, na ayeeyo akanitazama kama mwehu.

"Mwambie siichukui," nikamwambia muuguzi. "Ataiweka kule nje pamoja na bangili za binti yake, na hakuna atakayeigusa. Na mwambie mtoto hatabaki peke yake. Aje akae hapa, amshike mguu, asome aya anazozijua mpaka tumalize."

Kwenye ile mashine kubwa nisingeweza kumwambia mtu hivyo, maana inammeza mtoto mzima, tena mara nyingi inabidi alazwe usingizi wa dawa kwanza. Hapa miguu iko nje, na anayeishika anaishika hadi mwisho. Ayeeyo akauliza swali, muuguzi akanitafsiria: kusoma hakutaiharibu picha? Nikamwambia sauti ya binadamu haiisumbui mashine hii hata kidogo, adui yake ni chaja. Akaitoa sindano nje kwa mkono wake. Kisha akaketi, akaushika unyayo wa mjukuu wake kwa mikono miwili, akaanza kusoma polepole.

Tukaanza upya. Nilikuwa nimekitolea kioo macho mpaka yanauma. Picha ya kwanza ikaja, weusi haupo. Ikaja nyingine. Maji yalikuwepo, mengi, yamejitandaza katikati kama mgeni asiyejua kuaga. Na kuyazunguka, kulia na kushoto, kulikuwa na ukanda wa kijivu uliobanwa kwenye ukuta wa fuvu, mwembamba kama mkate wa anjera, lakini haukukatika mahali popote. Ubongo. Nilivuta kiti nikakaa. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi kazini, muulize yeyote.

Nilipompigia tena, daktari hakungoja hata nimsalimu. "Naona. Upo pande zote mbili. Maji ndiyo yanayoubana. Tukiyafungulia njia, una nafasi ya kukua."

"Atakuwa mzima?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Nafasi ipo, na ni nzuri kuliko nilivyodhani asubuhi. Niletee huyu mtoto upesi."

Nikamwita hooyo. Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya kioo, nikakipitisha kwenye ule ukanda kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nikamwambia huu ndio ubongo wa binti yake. Akarudia mwenyewe, bila mkono wangu, polepole zaidi. Kisha akauliza kitu, na muuguzi akafuta macho kwanza kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza, yote hii ni yake?"

"Mwambie yote ni yake."

Adeer aliporudi nikamwonyesha. Akauliza ule weusi umekwenda wapi. Nikamwambia kulikuwa na kitu kinaisumbua sumaku na sasa kimetolewa, na hiyo ni kweli tupu. Alikitazama kioo, akamtazama ayeeyo, ambaye alikuwa ameshughulika mno na miguu ya mtoto, akarudi tena kwenye kioo. Sijui alijua nini. Alisema alhamdulillahi, akakaa kitako sakafuni kama mtu aliyetuliwa gunia, kisha akatoka barazani kupiga simu. Aliweka sauti ya nje, na wodi nzima ikausikia ukoo.

Ukoo haukukubali kirahisi. Ilikuja sauti juu ya sauti, na muuguzi alinitafsiria kwa kunong'ona. Saa moja iliyopita tuliambiwa hamna kitu, sasa tunaambiwa kipo, na jioni tutaambiwa nini? Mashine gani hii yenye ndimi mbili? Wallahi hata mimi ningeuliza hivyo. Adeer alijaribu kueleza akakwama, maana yeye ndiye aliyewapelekea ile habari ya kwanza. Hapo hooyo akatoka na mtoto begani. Tangu afike sikuwa nimemsikia akiinua sauti mbele ya mwanamume. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kiganjani mwa shemeji yake, akaongea kwa ufupi.

"Amesema nini?" nikamwuliza muuguzi.

"Amesema, nimeugusa ubongo wa binti yangu kwa kidole changu. Mimi naenda naye. Mwenye dua aniombee."

Kisha sauti ya mzee mmoja ikasema haye, taratibu, na wengine wakaifuata. Adeer akaichukua simu yake, akamtazama shemeji yake kama anamwona mara ya kwanza, akaenda kutafuta gari la Nairobi.

Mtoto alipasuliwa Nairobi, maji yakafunguliwa njia. Sikuwepo, kwa hiyo sitajifanya naijua hali ya siku ile. Nilikuwa namsumbua daktari kwa maswali kila tulipozungumza, mpaka akachoka nami, akaniambia nitajionea mwenyewe, kwa sababu picha za kufuatilia zitapigwa kwangu. Hilo nalo ni jipya huku kwetu. Zamani kila picha ya kufuatilia ilikuwa safari nyingine ya Nairobi, na watu huchoka, na mtoto aliyekuwa ameponea chupuchupu anapotea kwa sababu hakuna aliyeangalia kama njia ya maji imeziba tena.

Walikuja baada ya mvua, wakati nchi yote hii, amini usiamini, huwa kijani. Safari hii baba wa mtoto alikuja mwenyewe, mwanamume mwembamba, mpole, ananukia moshi. Alisimama dirishani kwa nje kwa kuwa aliogopa kuikaribia mashine. Nikafanya zogo langu lote, nikawachomolea watu chaja, nikatukanwa kidogo. Picha za mwanzo zilitoka safi. Maji yamepungua, na ule ukanda wa kijivu umeanza kunenepa. Nilimwonyesha hooyo, akaitikia kwa kichwa, akaenda dirishani kumweleza mumewe.

Sasa, MRI haivumilii mtikisiko. Kichwa kikisogea kidogo tu, kazi yote imeharibika, na mimi ni mkali sana kwa jambo hilo, watu wazima wameshalia kwa maneno yangu. Picha iliyofuata ilitoka ovyo, kivuli juu ya kivuli, haifai hata kumtumia adui. Nikainua macho kwa hasira nione ni nani ameigonga mashine. Hakuna aliyeigonga. Mtoto alikuwa amegeuza kichwa. Kichwa kile, ambacho siku ya kwanza tulikuwa tunakigeuza sisi kwa mikono miwili, alikuwa amekigeuza mwenyewe kuelekea dirishani, anahangaika, macho yanapekua.

Hooyo aliniona nilivyoganda, akarudi mbio kitandani. "Bicha mbaya?" akaniuliza, kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza Nairobi.

"Mbaya kabisa," nikamwambia. "Anakutafuta wewe."